Mzee wa Kamera: Nimevunjika mkono, je niuze lenzi yangu ndefu?

BARUA

Shikamoo Mzee,

Nakuandikia kwa simu, kwa gumba moja, kwa hiyo nisamehe makosa ya herufi.

Mimi ni mpigapicha niliyeajiriwa na kampuni ya utalii hapa Arusha. Kazi yangu ni kupanda gari moja na wageni, kuwapigia picha za wanyama na za kwao wenyewe, na jioni tukirudi kambini nawakabidhi zile bora. Natumia Nikon D500 na lenzi ya 200-500mm. Lenzi hiyo niliinunua kwa fedha yangu mwenyewe, na ndiyo iliyonipa jina.

Mwezi wa tatu tulikuwa Ndutu. Nikiwa nashuka kwenye gari, mguu uliteleza kwenye bampa nikaanguka, nikajizuia kwa kiganja cha kushoto. Hospitali walisema mfupa mkubwa wa mkono umevunjika karibu na kifundo. Nikafungwa hogo la P.O.P wiki sita. Lilipotolewa nikaambiwa mfupa umeunga, nifanye mazoezi. Mazoezi gani, hakuna aliyenionyesha.

Sasa nimerudi kazini, Mzee, na mkono unakataa. Nikiweka lenzi juu ya kiganja na kuinua kamera, maumivu yanachoma upande wa gumba. Dakika chache tu mkono unatetemeka. Wiki iliyopita tulimkuta chui juu ya mti akiwa ametulia kabisa, na picha zangu karibu zote zimecheza. Usiku vidole vitatu vinakufa ganzi, gumba na viwili vinavyofuata. Nimejifunga bandeji ya kukaza, silali bila hiyo. Asubuhi kabla ya kutoka nameza diklofenaki. Jumapili kuna mama mmoja mtaani ananichua kwa mafuta ya moto, anachua kwelikweli mpaka machozi yanatoka. Na kana kwamba hayo hayatoshi, gumba la kulia nalo limeanza kuuma, nadhani kwa sababu kila kitu sasa nanyanyua kwa mkono huo.

Julai tunakwenda Kogatende kusubiri nyumbu wavuke Mto Mara. Bosi ameniambia kama siwezi niseme mapema atafute mwingine. Mume wangu anasema niuze lenzi ninunue kamera ndogo, na jirani yetu ameshataja bei, bei ya kuniumiza. Sitaki kuiuza, lakini sitaki pia kuharibu mkono. Nifanyeje?

Binti wa Njiro, Arusha

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Usiuze. Walau si sasa, na si kwa huyo jirani. Lakini kabla hatujagusa habari ya lenzi, wewe unarudi hospitali, na unarudi wiki hii.

Mimi si daktari. Nimeshika kamera gazetini maisha yangu yote ya kazi, na najua jinsi mikono ya watu wa kazi hii inavyochakaa. Ila kuna mahali kwenye barua yako nimesoma mara mbili: uliangukia kiganja, na maumivu yako upande wa gumba. Inua gumba la kushoto, ulinyooshe juu. Kwenye shina lake, upande wa mgongo wa mkono, utaona kishimo kati ya kano mbili. Bonyeza humo taratibu, mara moja tu. Kama ndipo panapouma, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Ndani ya kishimo hicho kuna kimfupa kidogo kama korosho kinachoitwa skafoidi. Katika vimifupa vidogo vya kifundo, hicho ndicho huvunjika zaidi mtu anapojizuia kwa kiganja, na kinaweza kuvunjika pamoja na huo mfupa mkubwa ulioambiwa umeunga. Ubaya wake ni kwamba ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku za kwanza. Ndiyo maana mtu anayeshukiwa hupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, au hupelekwa CT scan au MRI. Na damu ya kimfupa hicho huingia kwa sehemu kubwa kutokea upande wa vidole, kwa hiyo kikikatika katikati, kipande cha nyuma hukosa damu na kinaweza kukaa miezi bila kuunga. Sisemi ndicho kilichokupata. Nasema usikubali kuondoka hapo bila mtu kukiangalia.

Ganzi ya usiku ni jambo jingine. Vidole ulivyovitaja vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba katikati ya kifundo. Mkono ukiwa na uvimbe, njia hiyo inabana. Wewe juu ya uvimbe umeongeza bandeji ya kukaza, tena unalala nayo! Ivue leo usiku. Kama unahitaji kitu cha kushikilia kifundo, kitengenezwe na mtu anayejua, kifundo kikae kimenyooka bila kubanwa. Na ganzi ikianza kukaa mchana, au ukaona unaangusha vitu, usingoje miadi.

Mama wa mafuta ya moto mshukuru, mlipe chake, umwambie inatosha. Mkono uliotoka kwenye hogo juzi hauhitaji mtu wa kuupigania mpaka machozi yatoke. Na diklofenaki ya alfajiri mimi naiogopa kuliko hata huyo mama. Kumeza dawa uliyoandikiwa ili upumzike ni sawa. Kuimeza ili usisikie chochote halafu ubebe kilo 3 kutwa nzima ni kuuzima mdomo mkono unaojaribu kukwambia acha. Tena wengi wenu mnaimeza na chai tupu, halafu mnakuja kulalamika tumbo.

Wewe uko Arusha, Moshi si mbali, kama kilomita 80 tu. Pale hospitali ya KCMC kuna madaktari wa mifupa na watu wa mazoezi tiba, na katika eneo hilo hilo kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa vya viungo tangu mwaka 1981. Wasomaji wa Dar mna MOI, taasisi ya mifupa, pale Muhimbili. Popote utakapokwenda, nenda na kamera yako, na lenzi ikiwa imefungwa. Usicheke. Ukimwambia mtaalamu kwamba unapiga picha, kichwani mwake anaona simu. Itoe kwenye begi, simama mbele yake, shika kama unavyoshika ukiwa kazini, umwonyeshe pale panapochoma. Hapo atakupa mazoezi ya mkono wako na kazi yako, na atakwambia uzito gani ubebe mwezi huu na upi ungoje.

Haya, sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Lenzi yako pamoja na mguu wake wa kufungia stendi, na pete inayoushika mguu huo, ni gramu 2,300. D500 na betri ni gramu 860. Jumla ni zaidi ya kilo 3, na kusema kweli kilo 3 si mzigo wa kumtisha mwanamke aliyewahi kubeba ndoo. Balaa liko kwenye namna zinavyobebwa. Ukizungusha kwenda 500, pua ya lenzi inatoka nje na uzito unakimbilia mbele. Kiganja kiko chini kikitazama juu, kifundo kimekunjwa kwa nyuma hadi mwisho, na mkono huohuo unaoinua ndio unaotakiwa kuzungusha pete ya zumu. Na pete hiyo ya zumu ina safari ndefu, huitoi 200 ukaifikisha 500 bila kubadili mshiko. Hata mkono usio na tatizo unachoka. Huo wako, umetoka kuvunjika palepale panapokunjwa.

Kwa hiyo kuanzia leo mkono wa kushoto haubebi lenzi. Gari ndilo linalobeba.

Tafuta fundi cherehani akushonee mfuko wa turubai au jinzi nzito, wenye vyumba viwili vilivyoungana katikati ili uning'inie kwenye ukingo wa paa au wa dirisha bila kuteleza, na zipu ya kujazia. Madereva wengi wa Arusha wanaujua, wengine wanao kwenye buti. Safiri nao mtupu. Mkifika Mto wa Mbu nunua mchele, pale mchele ni wa kwao, ujaze robo tatu tu. Ukiujaza mpaka ukakakamaa, lenzi inabingirika juu yake. Ukibaki na nafasi, lenzi inazama kidogo, mchele unajipanga pembeni yake, na hapo hata ukiachia mikono yote kamera inabaki imetulia. Choroko pia zinafaa. Maharage makubwa siyapendi, yanaacha mianya. Ukiwa na mchele, safari ikiisha mpishi wa kambi anaupokea kwa mikono miwili. Kuuinua mfuko uliojaa na kuuweka juu ni kazi ya dereva. Mwombe tangu siku ya kwanza ili isiwe jambo la kuombana kila kituo.

Ile pete inayoshika mguu wa lenzi ilegeze, izungushe mpaka mguu wake utazame juu, kaza tena. Sasa tumbo la lenzi linalala vizuri kwenye mfuko, na ule mguu umegeuka mpini. Laza lenzi. Mkono wa kulia kwenye kamera kama kawaida. Wa kushoto uweke juu ya lenzi, kiganja kikitazama chini, kifundo kimenyooka, ukikandamiza kidogo sana, kiasi cha uzito wa mkono wenyewe. Hicho ndicho ninachotaka ukikumbuke hata ukisahau mengine yote: mkono juu ya lenzi, si chini yake. Huinui kitu. Mtikisiko unazimwa na mkono ulio juu na mfuko ulio chini. Yule chui wako, kwa namna hii, ungempata hata kwa shata ya 1/200 ya sekunde kama naye ametulia. Injini lazima izimwe, na wageni uwaombe wasihame viti wakati unabonyeza. Mgeni mmoja akikaa kwa kishindo nyuma ya gari, lenzi ya 500 mbele inaona tetemeko.

Zumu usiicheze. Amua kabla. Simba wako mita thelathini, weka 350 uache hapo. Ukitaka kubadili, zungusha kwa ncha za vidole kutokea juu, taratibu, lenzi ikiwa imelala. Picha ikibana sana utaikosa, lakini D500 ina pikseli milioni 20 na ushee, kwa hiyo kupiga kwa uwazi kidogo halafu ukakata jioni hakumtii mtu aibu.

Kogatende ninakujua. Magari yanakaa nyuma ya ukingo yakisubiri, saa zinapita, nyumbu wanasogea majini wanarudi, wanasogea wanarudi. Halafu wa kwanza anajitosa na kila dereva anawasha gari. Hapo ndipo watu wanapoumia. Gari likianza kutembea, kamera isiwe mkononi. Iwe kwenye kiti, imelala juu ya koti au ndani ya begi lililofunguliwa, na mkono wako wa kulia umeshika bomba la kujishikilia ndani ya gari. Mkisimama, injini ikazimika, ndipo unainua kwa mpini wa lenzi na kulaza kwenye mfuko. Utapoteza sekunde chache za mwanzo. Nyumbu wakishaanza hawamalizi kwa sekunde chache. Shata 1/1600 hivi, ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, usiogope kuipandisha, na VR, kizuia mtikisiko cha lenzi, weka kwenye Sport kwa sababu utakuwa unawafuata. Na ndege wanaoruka waache kwa msimu huu. Tai akipita juu ya gari mwangalie tu kwa macho, maana kumfuata angani kunataka uinue kilo 3 zako mikononi, na hapo tumerudi tulipotoka.

Kuna na njia ya kufika huko. Kutoka Naabi kwenda Seronera ile barabara ya mawimbimawimbi, ambayo madereva wanawaambia wageni ni masaji ya Afrika bila malipo, kwa mkono wako si mzaha. Kaa kiti cha mbele ukiweza. Kamera isikae mapajani ukiikumbatia, kwa sababu kila mtikisiko unaishia kwenye kifundo. Na asubuhi za ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mkono uliowahi kuvunjika unakuwa mgumu kama haujawahi kupona. Vaa glovu, shika kikombe cha chai ya moto kwa mkono wa kushoto muda mrefu uwezavyo kabla ya kutoka. Hiyo haina gharama.

Gumba la kulia sasa. Hilo limenisikitisha zaidi, kwa sababu ndilo linalokulisha. Kuna ugonjwa wa kano za gumba unaobeba jina la daktari wa upasuaji Mswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895. Huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga, kwa kunyanyua mara kwa mara huku gumba limetanuliwa. Wewe huna kichanga, una D500, na unaikwapua kwenye kiti kwa mshikio wake, gumba huku, vidole kule, na kilo 2 za lenzi zikivuta upande mmoja. Acha. Inua kwa mpini wa lenzi siku zote, kiganja kizima kikiwa kimefumba. Mkanda nao ufungwe kwenye mguu wa lenzi, si kwenye kamera, upitishwe begani upande mmoja mpaka kiunoni upande wa pili, usining'inie shingoni.

Tena kama ulifundishwa kufokasi kwa kitufe cha nyuma, kile cha AF-ON, kirudishe kwenye kitufe cha kupigia. Najua walimu wote wanakisifia, mimi mwenyewe nakisifia. Lakini kinalitaka gumba libonyeze kutwa, na gumba lako linaomba likizo. Kwenye menyu ya D500 ni suala la dakika moja. Na hilo gumba nalo mwonyeshe daktari siku hiyohiyo, usirudi na nusu ya habari.

Mume wako ana hoja, ila amekosea kifaa. Kamera ndogo haitakupa chui aliye mbali kwa ubora anaolipia mgeni. Kama baada ya vipimo daktari atasema mkono huo usibebe zaidi ya kilo moja kwa muda mrefu, basi mfuate huyu: Nikkor 300mm f/4 PF iliyotoka mwaka 2015. Ni gramu 755. Ukiiongezea kikuzio cha 1.4, kile kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, ambacho ni gramu 190, unapata 420mm kwa f/5.6, na kwenye D500, kwa kuwa sensa yake ni ndogo, inaona kama 630. Hiyo unaishika kwa mkono mmoja na chai mkono wa pili. Ipo na 500mm PF ya mwaka 2018, gramu 1,460, nzuri kupita maelezo, lakini bei yake tusiiongelee mbele ya mume. Usinunue yoyote bado. Uliza wenzako mjini, azima au kodi kwa safari moja, uone mkono unasemaje.

Kwa wapigapicha wa viwanja vya michezo mlioniandikia kuhusu maumivu ya mikono, fimbo ya mguu mmoja inawatosha, mradi urefu wake upimwe mkiwa mmekaa kwenye kigoda chenu na jicho lifike kwenye kamera bila mkono kuinua chochote. Ndani ya Land Cruiser mimi siipendi, inagonga viti na magoti ya wageni.

Bosi. Usimfiche na usimwombe huruma. Mwambie: naweza kwenda Kogatende, nahitaji dirisha moja liwe langu, dereva anisaidie mfuko, na ndege wanaoruka tusiwaahidi wageni. Hayo ni masharti ya mtu anayejua kazi. Ila kuna moja ambalo yeye alitakiwa kukuambia na barua yako haionyeshi kama alikuambia. Ulianguka ukiwa kazini, kwenye gari la kazi, umeajiriwa. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na mwajiri ndiye anayechangia peke yake, wewe hukatwi senti. Muulize kwa upole kama ajali iliripotiwa. Kama hakuiripoti, nenda ofisi zao mwenyewe na karatasi za hospitali, eksirei, na jina la dereva aliyekuona ukianguka. Hii usiisogeze mpaka baada ya Julai, taarifa za ajali zina muda wake.

Na jirani mwambie lenzi bado iko kazini. Akirudi mwezi wa kumi, na daktari naye akawa amesema hapana, umtajie bei wewe.